Mtoto na Jicho la Mwenzake: Uhakiki wa Filamu ya Queen of Katwe kwa Mwanga wa Saikolojia ya Ukuaji

Ikisiri

Makala haya yanahakiki filamu ya Queen of Katwe (2016), iliyoongozwa na Mira Nair, kwa kuuliza swali ambalo wahakiki wengi wa filamu hiyo wamelipita: watoto wa Kampala wanaooneshwa humo wanaonana vipi, na uonaji huo unabadilikaje kadiri umri unavyosonga? Nadharia za saikolojia ya ukuaji zilizoasisiwa Ulaya na Marekani zinadai kwamba mtoto mdogo humtambua mwenzake kwa mambo ya nje, yaani sura, nguo, mali na mahali anapoishi, na kwamba kuanzia takribani miaka 8 huanza kumtambua kwa hulka na nia. Makala yanaonesha kuwa filamu inaikubali ramani hiyo katika sehemu yake ya kwanza, inaivunja bila kukusudia katika tukio la mashindano ya Budo, kisha inaliacha swali lenyewe pale mhusika mkuu anapowapita wenzake. Hoja kuu ni kwamba dharau ya mtoto kwa mwenzake si dalili ya uchanga inayokwisha kwa kukua. Ni maarifa yanayofundishwa, na shule ni mmoja wa walimu wake. Makala yanahitimisha kwa kueleza maana ya hoja hiyo kwa sera ya elimu ya msingi nchini Uganda.

Utangulizi

Queen of Katwe inasimulia maisha ya Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe jijini Kampala, aliyejifunza sataranji katika mradi wa watoto ulioendeshwa na Robert Katende na kufikia kuiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji. Msingi wake ni kitabu cha mwandishi wa michezo Tim Crothers kilichotoka mwaka 2012. Madina Nalwanga anaigiza kama Phiona, David Oyelowo kama Katende, na Lupita Nyong'o kama Nakku Harriet, mama yake Phiona. Filamu ilipokewa vizuri, na sifa ilizopewa zilielekea upande mmoja: ni hadithi ya mtu mmoja aliyeushinda umaskini kwa akili na bidii.

Usomaji huo una haki yake, lakini unaacha nje kundi kubwa la wahusika. Katika matukio mengi ya nusu ya kwanza ya filamu Phiona hayuko peke yake wala hayuko na watu wazima tu. Yuko kati ya watoto. Wanamcheka, wanamfundisha, wanaogopa kushindwa naye, wanalala naye sakafuni katika bweni la ugenini. Filamu chache zilizopigwa Kampala zimewapa watoto nafasi kubwa kiasi hicho ya kutazamana mbele ya kamera. Kwa hiyo ni kazi inayofaa kuhojiwa kuhusu jambo ambalo watafiti wa malezi na washauri wa sera wanalihitaji, nalo ni namna mtoto anavyojenga picha ya mwenzake.

Itasemwa kwamba filamu ya kubuni si ushahidi wa kisaikolojia. Ni kweli, na makala haya hayaitumii hivyo. Filamu inatumika hapa kama hoja iliyotolewa kwa picha: inadai kitu kuhusu watoto, na dai hilo linaweza kupimwa kwa kile kinachojulikana. Zaidi ya hayo, hadithi za namna hii huathiri fikra za wafadhili na watunga sera kuliko majarida ya kitaaluma. Dhana iliyojificha ndani yake ina uzito wa kisera hata kama waliotunga hawakuikusudia.

Ramani ya umri na mipaka yake

Utafiti unaotajwa zaidi kuhusu suala hili ni ule wa Livesley na Bromley (1973), waliowataka watoto 320 wa miaka 7 hadi 15 katika eneo la Merseyside, Uingereza, waandike maelezo kuhusu watu wanaowajua. Watoto wa miaka 7 waliandika zaidi kuhusu sura, nguo, makazi na vitu anavyomiliki mtu. Kuanzia miaka 8 maelezo ya hulka yaliongezeka ghafla, kiasi kwamba watafiti hao waliona tofauti kati ya miaka 7 na 8 kuwa kubwa kuliko tofauti kati ya miaka 8 na 15. Barenboim (1981) aliuongeza mpangilio wa hatua tatu: kwanza mtoto hulinganisha matendo, yaani fulani hukimbia kuliko fulani, kisha hutaja sifa za ndani, na karibu na miaka 11 au 12 hulinganisha sifa hizo baina ya watu. Selman (1980) aliutazama upande wa pili wa jambo hilohilo, yaani uwezo wa mtoto kuuvaa mtazamo wa mwingine, na kuupanga kwa ngazi zinazopanda kutoka utoto wa awali hadi ujana.

Ramani hii ina nguvu, lakini imechorwa mahali fulani. Utafiti wa Miller (1984) ndio unaoifaa zaidi Afrika Mashariki ingawa haukufanyika huku. Aliwalinganisha watoto na watu wazima wa Chicago na wale wa Mysore, India, kwa kuwauliza sababu za matendo mema na mabaya ya watu wanaowafahamu. Watoto wa miaka 8 wa pande zote mbili walijibu kwa namna inayokaribiana. Kadiri umri ulivyoongezeka, njia ziliachana: Wamarekani walizidi kuitafuta sababu katika hulka ya mtu, ilhali Wahindi walizidi kuitafuta katika mazingira, nafasi yake na uhusiano wake na wengine. Kama kukua kungekuwa ni akili kukomaa tu, njia zisingeachana. Matokeo hayo yanaonesha kwamba mtoto hakui kuelekea jicho moja la watu wazima wa dunia nzima. Hukua kuelekea jicho la watu wazima wake.

Kampala yenyewe ina nafasi katika historia ya mjadala huu. Mary Ainsworth aliishi hapo mwaka 1954 na 1955, akiwa na taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere, na aliyoyaona katika familia za Waganda yakazaa kitabu cha Infancy in Uganda (1967), mojawapo ya nguzo za nadharia ya mshikamano wa mtoto na mlezi. Lakini macho ya utafiti huo yalikuwa kwa mtoto mchanga na mama yake. Mtoto na mtoto mwenzake walibaki pembeni. Wober (1974) alikaribia zaidi alipochunguza dhana ya Kiganda ya akili, obugezi. Aligundua kwamba wanakijiji walielekea kuihusisha na utaratibu na uangalifu, na waliosoma zaidi kwa mtindo wa Kimagharibi wakaihusisha na wepesi. Maana yake kwa mada hii ni nzito: watoto wawili wa Kampala wanaweza kumwita mwenzao mwenye akili na wasimaanishe kitu kimoja, kutegemea ni nyumba gani au shule gani iliyowapa neno hilo.

Harufu na maji: mwenzake kama mwili

Phiona anapoingia mara ya kwanza katika jengo ambamo watoto wanacheza sataranji, hapokewi na mchezo. Anapokewa na pua. Watoto wanasema ananuka, wanamtenga, naye anajibu kwa ngumi. Katende anaingilia kati, na katika ugomvi huo anauona moyo wa kupigana ambao mchezo unauhitaji. Phiona anaondoka, na kabla ya kurudi anajisugua kwa maji.

Kwa ramani ya Livesley na Bromley tukio hili halina utata: watoto wadogo wanamtambua mgeni kwa kilicho nje. Filamu inalipanga hivyo kwa makusudi, kwa kuwa baadaye watoto haohao watamtambua kwa namna anavyocheza, kisha kwa tabia yake. Lakini mtazamaji makini anaona kitu kingine. Watoto wanaomcheka nao ni wa Katwe. Mtaa huo wa mafundi wa vyuma na wachuuzi, uliojengwa katika bonde linalofurika mvua zinapozidi, hauna maji ya bomba katika kila nyumba. Harufu ya Phiona ni harufu ambayo kila mmoja wao angeweza kuwa nayo juzi. Wanachokiona basi si mwili wa mgeni. Ni hali waliyoiponyoka kwa ndoo chache za maji, na kicheko chao kinaweka mpaka kati yao na hali hiyo.

Hapa kuna somo ambalo ramani ya hatua haina nafasi nalo. Kauli ya mtoto inaweza kuhusu kitu cha nje na bado ikabeba hukumu ya ndani. Katika Kiswahili cha Afrika Mashariki, na katika Kiingereza cha Uganda, mtoto aliye smati ni yule aliyevaa safi, na usafi huo unahesabiwa kuwa adabu, juhudi na malezi mema. Mtafiti akiliweka neno hilo katika fungu la mwonekano, atamhukumu msemaji kuwa bado mchanga. Akiliweka katika fungu la hulka, atamhesabu amekomaa. Mtoto mwenyewe hajagawa mambo hayo mawili, na jamii yake haijamtaka ayagawe.

Mdogo anapomfundisha mkubwa

Tukio lenye thamani kubwa zaidi kwa mada hii ni fupi. Katende anamkabidhi Phiona kwa Gloria, msichana mdogo sana kuliko yeye, amfundishe mwendo wa kete. Gloria anaeleza kwa uhakika wa mwalimu, na kueleza kwake kunafikia kanuni inayomfurahisha yeye mwenyewe: kete ndogo kabisa ikifika upande wa pili huweza kugeuka kuwa kubwa. Wahakiki wameichukua kanuni hiyo kuwa sitiari ya maisha ya Phiona. Ni sitiari kweli, lakini kabla ya hapo ni uhusiano kati ya watoto wawili ambao umri haukuupanga kwa kawaida.

Nadharia nyingi za rika huchukulia kwamba wenzake wa mtoto ni wale wa umri wake. Dhana hiyo imetoka katika shule zinazopanga madarasa kwa mwaka wa kuzaliwa. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki mtoto hulelewa katika kundi la umri mchanganyiko, ambamo wakubwa huwatunza wadogo na wadogo hujifunza kwa kutazama. Mwanasaikolojia wa Kameruni, A. Bame Nsamenang, ameyatazama malezi hayo kuwa njia kamili ya ukuaji wa kijamii, si upungufu wa malezi ya wazazi. Harkness na Super (1985), waliofanya utafiti Kokwet, jamii ya Wakipsigis nchini Kenya, waliona kwamba utengano wa wavulana na wasichana katika makundi ya watoto ulichelewa kujitokeza kuliko ilivyozoeleka katika maandishi ya Marekani. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: kazi za nyumbani na ulezi wa wadogo viliwaweka watoto wa jinsia zote pamoja karibu na boma. Mpangilio wa siku ulichagua nani atamwona nani.

Kundi la Katende linafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, na filamu inalionesha bila kulitolea hotuba. Phiona analazimika kumtambua Gloria kwa anachokijua na si kwa kimo chake. Gloria naye anamtambua Phiona kama mwanafunzi, akisahau harufu iliyowachekesha wengine. Mabadiliko haya hayakuletwa na mwaka mmoja wa kukua. Yaliletwa na kazi ya pamoja yenye sheria zilizo sawa kwa wote. Hapa filamu ina busara kuliko nadharia ambayo muundo wake unaifuata.

Mkono uliofutwa: mashindano ya Budo

Katende anapofanikiwa kuwapeleka watoto wake katika mashindano ya shule, wanafika King's College Budo. Mahali hapo hapakuchaguliwa ovyo. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1906 na wamisionari wa Kianglikana katika kilima cha Budo, karibu na Naggalabi, ambapo makabaka wa Buganda hutawazwa. Kwa zaidi ya karne imekuwa jina la elimu ya tabaka la juu nchini Uganda. Taswira ya filamu haichukuliwi hapa kuwa ushahidi juu ya shule hiyo. Inachukuliwa kuwa kauli ya filamu kuhusu matabaka.

Watoto wa Katwe wanapewa vitanda na wanaishia kulala sakafuni kwa pamoja, kama walivyozoea. Siku ya mchezo, mvulana wa upande wa pili anampa Phiona mkono kama sheria inavyotaka, kisha anaufuta. Tendo hilo ni la sekunde chache, nalo linaiweka ramani ya umri mashakani.

Mvulana huyo si mtoto mdogo. Kwa mujibu wa nadharia, angekuwa amekwisha kuvuka hatua ya kumhukumu mtu kwa ngozi na nguo. Tena anaonesha ustadi ambao watoto wa Katwe hawakuwa nao: anajua adabu inataka nini, anaitimiza, kisha anaibatilisha kwa ishara ambayo mwenzake ataiona na mwamuzi hataona sababu ya kuiadhibu. Ili ufanye hivyo lazima uweze kufikiria mwenzako anafikiri nini. Uwezo ambao Selman aliupanga katika ngazi za juu umetumika kudhalilisha. Watoto wa Katwe walicheka kwa sauti na ugomvi ukaisha siku hiyohiyo. Mvulana wa Budo hakusema neno, na jeraha lake ni la kina zaidi.

Utafiti wa kijumla unaunga mkono mashaka hayo. Raabe na Beelmann (2011), waliounganisha matokeo ya tafiti nyingi kuhusu chuki za kimakundi kwa watoto, waliona kwamba chuki hizo hufikia kilele kati ya miaka 5 na 7, hupungua kidogo kati ya miaka 8 na 10, na baada ya hapo hazifuati mwelekeo mmoja wa umri. Mazingira ndiyo yanayoamua. Hivyo upo muda mfupi ambamo kukua kunamsaidia mtoto kumwona mwenzake kwa upana zaidi. Baada ya muda huo, mtoto anaendelea kukua lakini jicho lake linaelekezwa na anachokutana nacho: nani amekaa naye, nani amewekwa mbele yake, nani hajawahi kumwona ila kama mpinzani au mtumishi.

Yale ambayo filamu imeyaacha

Mapungufu ya filamu katika suala hili ni matatu, na kila moja lina maana yake nje ya sanaa.

La kwanza linahusu mwili wa umri wenyewe. Phiona anaigizwa na mwigizaji mmoja tangu utotoni hadi ujana, ilhali mdogo wake Richard ameigizwa na watoto wawili wa umri tofauti. Uamuzi huo unaeleweka kiutayarishaji, na uigizaji wa Nalwanga una utulivu unaoubeba. Lakini matokeo yake ni kwamba ukuaji wa Phiona hauonekani isipokuwa kwa mafanikio: anakua kwa kushinda. Miaka ambayo msichana wa Kampala huanza kutazamwa na wenzake kwa namna mpya kabisa, kwa sababu ya mwili unaobadilika, imekabidhiwa kwa dada yake, Night, naye anatazamwa kwa hofu ya mama, si kwa macho ya marika yake.

La pili linahusu lugha. Watoto wa Katwe huzungumza Kiganda wanapotaniana, wanapotukanana na wanapopatana. Katika filamu wanafanya karibu yote hayo kwa Kiingereza, na Kiganda kimebaki kama kionjo. Hasara yake ni zaidi ya ladha ya mahali. Maneno ambayo mtoto humwekea mwenzake ndiyo ushahidi wa jinsi anavyomwona. Dhana kama empisa, yaani mwenendo na adabu, au obuntu bulamu, yaani utu unaoonekana katika kuishi vema na wengine, haziigawi tabia ya mtu na uhusiano wake na jirani. Mtazamaji anayesikia Kiingereza tu anapata picha ya watoto wanaosifiana au kudharauliana kama watu binafsi, kumbe hukumu zao nyingi ni kuhusu namna mtu anavyokaa na watu.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Baada ya safari za nje, kundi la watoto linarudi nyuma. Phiona anaporejea na kuona taabu kuyazoea tena maisha ya nyumbani, filamu inaliweka tatizo hilo kati yake, mama yake na Katende. Watu wazima wanamjadili. Wenzake wanabaki kushangilia. Gloria, aliyemfundisha, anamwonaje sasa? Wavulana aliowashinda wanamwitaje? Mtazamaji hapewi jibu la kina, kwa kuwa hadithi ya mafanikio ya mtu mmoja inawahitaji wenzake kama ngazi, na ngazi haiulizwi maoni. Sehemu iliyoanza na watoto wanaotazamana inakwisha na mtoto mmoja anayetazamwa na dunia.

Haki inataka isemwe kwamba filamu inajirekebisha kidogo mwishoni. Katika picha za kufunga, kila mwigizaji anasimama kando ya mtu halisi aliyemwigiza. Kwa dakika chache kundi linarudi, na wanaoonekana kandokando na Phiona wamekuwa vijana wenye njia zao. Lakini ni picha ya matokeo, si ya njia iliyopitwa.

Maana yake kwa sera

Iwapo dharau ya mtoto ni uchanga, kazi ya sera ni kusubiri: atakua, ataacha. Iwapo dharau hujifunzwa sambamba na uwezo wa kufikiri, kusubiri ni kuiachia nafasi. Uchambuzi uliotangulia unaelekea upande wa pili, na unagusa mambo manne katika elimu ya Uganda.

Kwanza ni mchanganyiko wa umri. Elimu ya Msingi kwa Wote ilipoanza mwaka 1997, idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda hadi zaidi ya milioni 5, na madarasa yakapokea watoto waliopishana umri kwa miaka kadhaa. Mpishano huo umezoeleka kuorodheshwa miongoni mwa kasoro za mfumo. Ni kasoro pale mtoto mkubwa anapoachwa akae nyuma kwa aibu. Lakini kundi la Katwe linaonesha kwamba mpishano unaweza kuwa rasilimali iwapo kuna kazi ambayo mdogo anaweza kumfundisha mkubwa bila yeyote kudhalilika. Kufungwa kwa shule kutokana na UVIKO-19, tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, kumelifanya suala hili kuwa la haraka zaidi: mtoto aliyeondoka darasani akiwa na miaka 7 alirudi akikaribia 9, akiwa ameupitisha mbali na wenzake wa shule karibu muda wote ambao nadharia zinauhesabu kuwa wa mabadiliko makubwa ya jicho.

Pili ni upangaji wa nafasi. Desturi ya kumtangaza wa kwanza na wa mwisho darasani inampa mtoto wa miaka 8 au 9 kipimo kimoja cha kumlinganisha na mwenzake, katika umri uleule ambao Barenboim anasema ulinganishaji ndio unaotoka katika matendo na kuingia katika sifa za ndani. Kinachoanza kama kauli kwamba fulani ameshindwa hesabu kinageuka kuwa kauli kwamba fulani ni mjinga. Mwalimu hakusema hivyo, orodha imesema. Kama kuna darasa ambamo kutotangaza nafasi kungekuwa na faida kubwa, ni la pili hadi la tano.

Tatu ni lugha. Mtaala wa mada ulioanzishwa mwaka 2007 unataka madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo, na darasa la nne liwe la kuvukia Kiingereza. Kampala, kwa mchanganyiko wake wa makabila na kwa matakwa ya wazazi, shule nyingi huanza na Kiingereza mapema. Mtoto anayetakiwa kumwelezea mwenzake kwa lugha asiyoimudu atasema kwamba ni mzuri au ni mbaya, kisha mpimaji atahitimisha kwamba hajafikia hatua ya kuona hulka. Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi huo unatoa nafasi ambayo wanaisimu na wanasaikolojia hawajaitumia vya kutosha: kufundisha, tangu masomo ya awali, msamiati wa kumwelezea mtu kwa usahihi, yaani mkarimu, msiri, mwepesi wa hasira, mvumilivu, badala ya kuishia kwenye salamu na majina ya vitu.

Nne ni utafiti wenyewe. Tafiti nyingi za msingi kuhusu mada hii zilitegemea maandishi ya watoto. Katika Kampala njia inayofaa ni masimulizi ya mdomo, kwa Kiganda, Kiswahili au lugha nyingine ya nyumbani, yaliyokusanywa katika makundi ya umri mchanganyiko na pia katika madarasa, ili tofauti ya mahali itenganishwe na tofauti ya umri. Upangaji wa maneno katika mafungu ufanywe na watu wanaojua kwamba smati si nguo tu na kwamba empisa si hulka tu. Bila hivyo, takwimu zitakazopatikana zitapima umbali wa mtoto kutoka Merseyside, si ukuaji wake.

Hitimisho

Queen of Katwe ni filamu yenye jicho zuri na hadithi nyembamba. Jicho lake limeona watoto wanaocheka harufu yao wenyewe, mdogo anayemfundisha mkubwa, na mkono unaofutwa kwa adabu. Hadithi yake imeyapanga hayo kuwa vikwazo katika njia ya bingwa mmoja. Yakisomwa pamoja na tafiti za ukuaji, matukio hayo yanasema jambo tofauti na lile lililokusudiwa: umri humpa mtoto uwezo wa kumwona mwenzake kwa kina, lakini haumwambii atumie uwezo huo kwa lipi. Hilo huamuliwa na benchi alilokalishwa, orodha iliyobandikwa ukutani, lugha aliyopewa na kazi aliyoshirikishwa. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na katika suala hili ubichi una tarehe zake: ni miaka ya madarasa ya chini ya shule ya msingi, ambayo mijadala mingi ya sera huipita haraka ikielekea kwenye mtihani wa darasa la saba.